Mnaouza dawa ya kutia shanga ukungu kwenye chupa za maji ya kunywa, mnajua mnachokiuza?

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja, makosa ya herufi mtanivumilia. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimefungwa bandeji na leo ni siku ya tisa.

Shanga za kioo nazitengeneza mwenyewe. Nakaa mbele ya moto, nayeyusha ufito wa kioo, nauzungushia kwenye waya uliopakwa udongo, moja baada ya nyingine. Anayeijua kazi hii anajua shanga moja yenye nakshi inaweza kukula nusu saa, na bado haijaingia tanurini kwenye nyuzi 500 na ushee ili ipoe taratibu isije ikapasuka. Nilikuwa nazo 42, buluu na kijani, za mkufu mmoja. Mteja hakutaka mng'ao. Alitaka ukungu, kama vile vipande vya kioo ambavyo bahari imevisugua mpaka vikawa laini.

Nikatafuta dawa. Muuzaji akaniletea chupa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa karatasi yake, ndani mna majimaji yasiyo na rangi. Haina jina, haina alama ya hatari, haina hata mstari mmoja wa maelezo. Nikamuuliza inatumikaje. "Chovya dakika 15, suuza, basi." Nikamuuliza ina nini ndani. "Ni dawa ya kioo tu hiyo, haina shida, watu wanashika kwa mikono mitupu."

Haina shida! Hilo neno linaniuma kuliko kidole.

Zile tindikali tulizoziona maabara shuleni zilikaa kwenye chupa za kioo miaka nenda rudi na kioo hakikufanywa kitu. Kinachokula kioo ni floraidi. Dawa nyingi za kuchovyea shanga zina chumvi inayoitwa amoniamu baifloraidi, na ikishayeyuka majini inatoa tindikali ya haidrofloriki. Mtu yeyote anayeiuza anatakiwa alijue hilo kabla hajaijaza kwenye chupa. Akishalijua halafu akasema watu wanashika kwa mikono mitupu, mimi sina jina la kumwita.

Nilivaa glavu, zile nyembamba za kuoshea vyombo. Kumbe moja ilikuwa na kitundu kwenye ncha ya kidole, kidogo kama cha sindano. Sikuhisi kitu. Nikasuuza shanga, nikala, nikalala. Saa nane usiku nikaamka nimekiuma kidole changu mwenyewe. Nikawasha taa, nikakitazama: hakuna lengelenge, hakuna jeraha, ngozi imepauka kidogo pembeni ya ukucha. Lakini ndani, kwenye mfupa, ni kama mtu anazungusha msumari wa moto. Ndivyo ilivyo. Floraidi haibaki juu ya ngozi, inapenya, inafuata kalsiamu iliyomo mwilini na kuikamata. Ikiwa nyepesi, maumivu yanaweza kuchelewa mpaka saa 24, na mtu anakuwa ameshasahau alichokishika. Ikimwagikia sehemu kubwa ya mwili, kalsiamu ya kwenye damu inashuka, mapigo ya moyo yanavurugika, mtu anaweza kufa.

Hospitalini muuguzi akaniuliza, "Umeungua na nini?" Nikasema sijui. Hebu fikirieni. Mtu mzima nimeshika kidole nalia, naulizwa kilichoniunguza, nasema sijui, ni dawa ya kioo, ilikuwa kwenye chupa ya maji. Mpaka daktari aliposikia kwamba inakula kioo ndipo akabadilika uso, akaagiza jeli ya kalsiamu glukoneti. Waliipaka, wakanichoma na sindano zake kuzunguka kidole, maumivu yakaanza kushuka. Kama chupa ingekuwa na neno moja tu, floraidi, lile swali la muuguzi lingejibika papo hapo.

Na shanga? Zimeharibika. Muuzaji hakuniambia kwamba lazima zioshwe kwa sabuni kwanza na zisiguswe tena kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaizuia dawa. Kwenye shanga yangu moja ya buluu alama ya dole gumba inaonekana yote, mistari kwa mistari, inang'aa katikati ya ukungu. Hakuniambia zitungwe kwenye uzi wa nailoni, ziachiane nafasi, zitikiswe mara kwa mara. Mimi nilizirundika chini ya kopo, kila zilipogusana pakabaki doa. Matundu nayo yameliwa, ndani yamekuwa kama msasa na yatausaga uzi. Nimekuja kujua baadaye kwamba tundu linazibwa kabla ya kuchovya. Bahati yangu kopo lilikuwa la plastiki. Ningetumia bakuli la kioo, lingekuwa linaliwa pamoja na shanga.

Najua kuna watakaosema ningeuliza kabla. Niliuliza! Nilimuuliza aliyeniuzia, uso kwa uso, mara mbili.

Wenye kuitumia hii dawa, nawaomba: glavu nene zisizopitisha, mzijaze maji kwanza muone kama zinavuja. Miwani ya kuziba macho. Fanyieni nje, upepo ukiwa mgongoni. Ikikugusa, vua kilicholoa, suuza kwa maji mengi hata kama hakuna kinachouma, nenda hospitali na uwatajie floraidi. Jeli ya kalsiamu iwe mezani kabla hujafungua chupa. Asiyeweza haya yote azisage shanga zake kwenye pipa la kuzunguka pamoja na maji na unga mgumu wa kusagia uitwao silikoni kabaidi. Inachukua siku kadhaa na nakshi nyembamba zinaweza kufifia, ila ukungu unapatikana bila tindikali.

Na wewe uliyeniuzia, kama unasoma humu: nyumbani kwangu kuna watoto. Ile chupa ilikaa usiku mzima juu ya meza, inafanana kabisa na chupa ya maji iliyokuwa pembeni yake. Nimekupigia mara nne hupokei. Sidai hela. Nataka uwapigie wote uliowauzia kwenye chupa za namna ile, leo hii, uwaambie kilichomo ndani.

Wadau, aliyewahi kupona kidole cha namna hii anijibu: ukucha unarudi? Wangu umeanza kuwa mweusi.