Nauli ya 1,200 ya kijana kwenda kliniki haipo, posho ya Arusha ya viongozi ipo

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Jina la shirika silitaji na msinibembeleze kwa PM. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na mimi wakili sina. Wanaolijua watalijua, na viongozi wake wakipita humu watajiona wenyewe.

Shirika liko Dar. Kazi yake kwenye makaratasi ni "kuwajengea uwezo vijana walio katika mazingira hatarishi, miaka 18 hadi 25". Kwa lugha yetu: mateja (watumia unga, yaani heroini) wanaotaka kuacha, madogo waliotoka jela, mabinti waliokuwa wanajiuza, na wale waliokulia mitaani mpaka wakaota ndevu huko huko. Mimi ni mmoja wao. Unga niliuacha, nikaingia methadoni (dawa ya hospitali ya kumsaidia mtu kuacha unga), nikanyooka, wakanichukua kuwa mwelimishaji rika. Nimefanya hiyo kazi miaka mitatu na miezi kadhaa, kwa posho ya 150,000 kwa mwezi ambayo mwezi mwingine ilikuja, mwingine haikuja. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi kata nilikuwa mimi.

Naanza na nauli, maana hapo ndipo pananichoma.

Kwa asiyejua methadoni inavyokwenda: sio vidonge vya kupewa ukanywe nyumbani. Kwa kawaida unaenda kliniki kila siku asubuhi, Jumapili na sikukuu zote zimo. Unaitwa dirishani, unakunywa mbele ya muuguzi, halafu anakusemesha kidogo ahakikishe umemeza. Ndiyo utaratibu ulioanza Muhimbili 2011, na Mwananyamala na Temeke walipofuata ilikuwa hivyo hivyo. Dawa ni bure. Shida ni kufika dirishani.

Sasa dogo anakaa mbali, hana kazi, nyumbani walishamfukuza kwa sababu aliuza mpaka sufuria ya mama. Daladala ilikuwa 600 kwenda, 600 kurudi. Akikosa leo, jioni arosto inaanza: mafua, miayo isiyoisha, viungo vinauma kama umepigwa mchi. Akikosa siku tatu mfululizo, hata akifika hapewi kiwango chake kile kile, anashushwa na kuanza kupandishwa upya, kwa sababu mwili umeshapoteza mazoea na kiwango cha zamani kinaweza kumuua. Yaani siku tatu tu zinakurudisha nyuma wiki kadhaa. Na hapo kijiweni kete (kipakiti cha unga) ipo, hailazimu kupanda daladala.

Shirika lilikuwa na vijana 12 wanaopewa nauli. 1,200 mara 12 ni 14,400 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni 432,000. Hiyo ndiyo ilikuwa hela ya nauli ya mradi mzima, na ilikuwa kwenye bajeti, kifungu chake kipo, nimekiona kwa macho yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawasainisha.

Mwaka 2025 mwezi wa pili tukaitwa kikao. Madam (mkurugenzi mtendaji, wote tunamuita hivyo) akasimama akafuta machozi na kitambaa, akasema Marekani imetufungia bomba, kwa hiyo nauli inasimama, kila mtu ajifunge mkanda. Vijana wakamuelewa, maana ni kweli Trump alikuwa amesaini Januari 2025 kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 na kila redio ilikuwa inasema hiyo habari. Mashirika mengi kweli yalifunga, watu walipoteza kazi, hilo sibishi.

Ila wakuu, mradi wetu haukuwa na senti moja ya Marekani! Mfadhili ni wa Ulaya, bendera na nembo yake viko kwenye bango la getini, na awamu ya pili ya fedha ilikuwa imeingia Desemba. Najua kwa sababu ripoti ya kuombea hiyo awamu niliambiwa nikusanye "hadithi za mafanikio", nikazunguka siku nne na simu yangu na bando langu kurekodi madogo. Kumbe maombolezo ya wenzetu yamekuwa mwavuli. Mtu anajificha kwenye msiba wa jirani ili asilipe deni lake.

Wiki tatu baada ya kikao hicho cha machozi, timu ya uongozi ikaenda Arusha. Watu wanne, siku nne, "mapitio ya mpango mkakati". Posho ya kujikimu 150,000 kwa kichwa kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: 2,400,000. Hapo sijaweka mafuta, hoteli wala ukumbi. Hiyo ni nauli ya madogo wote 12 kwa miezi mitano na nusu. Wamerudi na picha za Mlima Meru kwenye status na daftari za hoteli. Mpango mkakati wenyewe mpaka naondoka sijauona.

Na hiyo timu ya uongozi ni akina nani? Mkurugenzi ni Madam. Meneja wa programu ni mdogo wake wa kiume, ambaye kabla ya hapo alikuwa na duka la vipuri. Mhasibu ni mkwewe. Mwenyekiti wa bodi (yeye Arusha hakuwemo) ni rafiki yake Madam wa kwaya, mama mstaarabu kabisa, ila kituoni nimemuona mara mbili kwa miaka mitatu, na zote mbili kulikuwa na keki. Wa nne kwenye gari la Arusha ni afisa ufuatiliaji na tathmini. Huyu sio ndugu, huyu ana shahada, ndiye anayejua kupika namba zikaiva. Kijana aliyepita mtaani, awe mwanamke au mwanaume, hayupo hata mmoja. Siku ya picha mimi ni "mwanafamilia wetu", siku ya kuzungumza mshahara mimi ni "mnufaika". Niliwahi kuomba angalau kijana mmoja akae kwenye bodi, hata bila kura. Meneja akacheka, akasema bodi ni mambo ya watu wenye uelewa.

Sasa vyerehani.

Tuna vyerehani sita vya miguu. Vililetwa kwa ajili ya mabinti, wajifunze kushona, wafanye mtihani wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) wapate cheti. Mwalimu alikuja miezi miwili, hakulipwa, akaacha kuja, na simsemi vibaya. Vyerehani vikaingia stoo. Funguo anayo meneja, na kuna vitatu mpaka leo havijavuliwa nailoni ya kiwandani. Siku mfadhili akija vinatolewa alfajiri, vinafutwa vumbi, vinapangwa chini ya mwembe. Mabinti wanavalishwa fulana mpya, wanakalishwa, wanaambiwa kanyageni. Ziara ya mwisho nilikuwa nimesimama nyuma ya binti mmoja. Anakanyaga, gurudumu linazunguka, kitenge kinapita chini ya sindano kinatokea upande wa pili kama kilivyoingia. Sindano haina uzi! Hakuna aliyekumbuka kununua uzi. Mgeni akainama akapiga picha kwa karibu, akasema "vizuri sana" kwa Kiswahili cha kusoma, Madam akapiga makofi. Yule binti aliniangalia. Tulishindwa kucheka na tulishindwa kulia.

Posho za semina ndiyo usiseme. Karatasi ya kusaini inakuja ikiwa na majina na sehemu ya sahihi, sehemu ya kiasi iko wazi au imeandikwa kwa penseli. Unasaini kwa kalamu, unapewa 5,000 yako. Siku moja karatasi moja ilisahaulika kwenye mashine ya fotokopi, nikaiokota. Ishajazwa: 20,000 kila mmoja, watu 25. Tofauti ni 375,000 kwa semina moja ya nusu siku ya chai na kitumbua. Ninayo picha yake. Na kwenye hiyo karatasi kuna sahihi mbili za watu ambao siku hiyo walikuwa mahabusu. Hapo ndipo nilipojua wenzetu hawaogopi chochote.

Nimtendee haki Madam. Hakuanza hivi. Watu wa zamani wanakumbuka alikuwa anakuja maskani usiku peke yake na ndoo ya uji na vikombe vya plastiki, tena kipindi ambacho hata polisi walikuwa wanakuja wakiwa kundi. Mimi kikombe changu cha kwanza cha uji baada ya siku mbili bila kula nilikipokea mkononi kwake. Ndiyo maana nilikaa kimya muda mrefu, na ndiyo maana wengi bado wamekaa kimya. Unamsemaje mtu aliyekuokota? Na yeye anajua hilo, analitumia. Ukiuliza risiti unaambiwa "umesahau ulikotoka". Mkifika mahali mtu anakudai shukrani kila mwisho wa mwezi, hiyo ishakuwa riba.

Mambo yalibadilika lilipokuja andiko la kwanza kubwa la kuomba fedha likapita. Gari likanunuliwa, ofisi ikahama kutoka kwenye kile chumba cha uani ikaenda ghorofani ambako madogo hawaruhusiwi kupanda na kandambili.

Kilichonifanya niandike leo ni huyu dogo. Ana miaka 22. Alikuwa ameshafikisha miezi kumi na moja kwenye dawa, ameanza kunenepa, dada yake ameanza kumruhusu kulala sebuleni. Nauli ilipokatwa alitembea kwa miguu kama wiki mbili. Saa kumi alfajiri anaanza safari. Halafu mvua za mwezi wa tatu zikaanza, akakosa siku, akakosa nyingine. Nilimpa 1,200 zangu nilipokuwa nazo, na siku nyingine sikuwa nazo. Sasa hivi anaokota skrepa na amerudi kwenye kete. Juzi nimempita mitaa mitatu kutoka ofisini, mguu umevimba, hakutaka kunisalimia. Picha yake akitabasamu bado iko kwenye bango la getini, imekuzwa kuliko mlango.

Nilimuandikia Madam barua, ya heshima kabisa, nikaomba nauli irudi na tuonyeshwe hesabu. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: mkataba wangu hautaendelea "kutokana na ufinyu wa bajeti". Barua yenyewe imesainiwa na mkwe.

Kwa wanaosema "hilo ni shirika binafsi, hela za mzungu, zinakuhusu nini": someni sheria. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, namba 24 ya 2002, inataka kila shirika kila mwaka litoe taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Kanuni za 2018 zikaongeza kwamba fedha zilizopokelewa na zilivyotumika zitangazwe hadharani. Halafu zimeombwa kwa majina yetu, kwa sura zetu, kwa hadithi za mama zetu na sufuria zao. Kama hazituhusu sisi zinamhusu nani, kwaya?

Ninachotaka msaada humu:

Kuna mtu amewahi kupeleka malalamiko ya aina hii kwa msajili wa mashirika haya? Ngazi ya wilaya nilikwenda, afisa alinisikiliza vizuri, akaniambia leta kwa maandishi na vielelezo. Je, nipitie huko au nitume moja kwa moja Dodoma? Na mfadhili kule Ulaya, nimuandikie sasa hivi au nisubiri? Hofu yangu ni moja: akikata hela ghafla, Madam atabaki na gari lake na madogo ndio watakosa hata ule mchele wa Ijumaa. Kwenye hili sijui, nashaurika. Wahasibu na wakaguzi mliomo humu semeni kitu.

Wale wa "peleka ushahidi sio kelele": ushahidi upo, sitauweka hapa kwa sababu una sahihi na majina ya madogo.

NYONGEZA, saa 3:10 usiku: Asanteni kwa majibu. Yule aliyeandika "mateja mnapenda lawama" nimekusoma, sina la kukujibu, nenda kalale. Ndugu wa ukaguzi aliyenifafanulia namna ya kupanga vielelezo kwa tarehe, Mungu akubariki, ndivyo nitakavyofanya. Na aliyesema nimuandikie mfadhili nikiomba afanye ukaguzi badala ya kukata fedha, hapo umenifungua kichwa.

NYONGEZA YA PILI, saa 4:40: Mhasibu amenipigia mara tatu, sijapokea. Meneja ametuma ujumbe: "Mdogo wangu njoo tuyamalize kifamilia, Madam anaumwa presha." Namuombea apone. Barua nimeshaichapa steshenari, kurasa mbili, nakala tatu. Kesho saa moja nipo kliniki kwanza, kuna madogo wawili nimewaahidi nauli, nikitoka hapo napitia kwa msajili msaidizi wa wilaya.