Alizeti pori, samadi au DAP kwa sukuma wiki?

Jembe la Vihiga: Wadau, nina robo eka ya sukuma. Ng'ombe ni mmoja, samadi haitoshi. DAP, ile mbolea ya dukani, bei imenishinda. Lakini uzio mzima umejaa alizeti pori, yale maua ya njano tunayoita amalulu. Nikate nifukie, au najichosha bure?

Mama Miche: Kata! Mimi hukata matawi mabichi kabla hayajachanua, nayakatakata kwa panga, nafukia, kisha nangoja wiki moja au mbili ndipo nihamishe miche. Yanaoza upesi. Mashina magumu nachomeka mpakani, yanashika. Ila nawa mikono vizuri. Uchungu wake ukikutana na ugali, utajuta.

Mpima Udongo: Tupige hesabu. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una nitrojeni kilo 9. Majani makavu ya alizeti pori yana kama asilimia 3.5, kwa hiyo unahitaji kilo 260 hivi kupata kiasi hicho. Mabichi, ambayo sehemu kubwa ni maji, ni zaidi ya tani moja. Potasiamu utapata ya kutosha, na DAP haina kabisa. Shida ni fosforasi: mzigo huo wote utakupa kilo moja tu, wakati mfuko ule una kama kilo 10. Na udongo wa magharibi mwa Kenya unajulikana kwa njaa ya fosforasi.

Babu Mbeya: Tani moja kichwani, mwanangu! Nilijaribu kwenye mahindi eka nzima, nikaishia robo. Kwa mboga karibu na nyumba, sawa. Halafu mjue, hii si jamii ya maharage, haivuti nitrojeni hewani. Inahamisha tu rutuba ya mpakani kuileta shambani.

Mama Miche: Shikamoo Babu. Ya mpakani si ilikuwa imekaa bure?

Babu Mbeya: Marahaba. Bure, mpaka jirani aanze kung'oa miche iliyoota kwake.

Mpima Udongo: Mimi ningechanganya: majani kwa nitrojeni, DAP kidogo kwenye shimo kwa fosforasi, samadi uiwekee kitalu.

Jembe la Vihiga: Asanteni. Kesho naanza na matuta manne yaliyo karibu na uzio. Ya mbali yatasubiri ng'ombe.