Mjadala: Chawa wa Angani, kosa lilikuwa la Mignet au la waliojiundia?

Mwana_Anga:
Wakuu, nalileta hili kwa sababu linaniuma. Mwaka 1933 Mfaransa Henri Mignet alirusha ndege ya mbao ya mtu mmoja, HM.14, aliyoiita Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. Bawa moja mbele, moja nyuma, upana mita 6 tu, injini ya pikipiki. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye michoro na maelekezo yote ili mtu ajiundie nyumbani. Ufaransa na Uingereza watu wakajifungia mabandani kukata mbao. Kisha zikaanza kuanguka na kuua, na 1936 Uingereza ikasitisha vibali vya kuzirusha. Mpaka leo wapo wanaomwita muuaji. Nasema ameonewa. Anga ilikuwa ya matajiri na wanajeshi, yeye akampa mtu wa mshahara mdogo. Na kazi yenyewe hata fundi vitanda wa mtaani angeiweza.

SeremalaKeko:
Ya Mignet nitayarudia. Kwanza hiyo "hata fundi vitanda". Mimi ni fundi vitanda, mwaka wa 19 huu. Unajua ulimi wa mbao ukiwa mwembamba kuliko tundu lake kwa unene wa kucha kinatokea nini? Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kitanda kinaanza kulia. Wa tatu mteja yuko mlangoni kwako alfajiri na majirani wanasikiliza. Sasa kiungo hicho kipeleke juu, upepo ukikitikisa, halafu uniambie ni kazi rahisi.

Mwana_Anga:
Mkuu, sikukudharau. Mignet mwenyewe aliwahimiza watu wasio mafundi.

SeremalaKeko:
Hapo ndipo alipokosea! Na wewe unarudia kosa lake.

BintiMvita:
Mimi nimekwama kwenye jina. Waingereza waliiita kiroboto, mdudu anayeruka. Wewe umeng'ang'ania chawa, neno ambalo siku hizi ni tusi la mtu anayejipendekeza kwa wakubwa. Mtu aliyewapinga wakubwa maisha yake yote unamwekea jina hilo?

Mwana_Anga:
Dada, sikulichagua mimi. *Pou* kwa Kifaransa ni chawa. Ford Model T ilivyozagaa, Wafaransa waliiita chawa wa barabarani, na Mignet akataka ya kwake izagae hivyohivyo angani. Chawa aliyekusudiwa ni yule wa mwilini.

BintiMvita:
Basi ungelieleza mwanzo. Msomaji wa leo haendi Ufaransa kwanza, anaanzia kwenye lugha yake.

Kikokotoo:
Tumeanza kugombania wadudu na watu walikufa. Ndege ile haikuwa na vibawa vya kulalia upande wala pedali za miguu. Ukivuta mkono wa usukani, bawa zima la mbele linainua uso wake. Ukiupeleka kando, usukani wa mkia unageuka. Mignet aliogopa ndege za kawaida, zile zinazopoteza mwendo zikazunguka kama pia mpaka chini, na hilo alilitatua kweli. Lakini ndege ikiinamisha pua kupita kiasi, rubani anavuta ili aiinue. Ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unashuka, uwazi kati yake na bawa la nyuma unabanwa, hewa inapita hapo kwa kasi, bawa la nyuma linapata nguvu na kuinua mkia. Pua inazidi kuzama. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyojizika. Haya yalionekana 1936 kwenye mahandaki ya upepo, vyumba vya kupulizia ndege hewa ili kuipima, ya Chalais-Meudon Ufaransa na Farnborough Uingereza. Seremala gani angelizuia hilo?

SeremalaKeko:
Kwa hiyo viungo havikuwa tatizo?

Kikokotoo:
Kwenye ajali za kuzama namna hiyo, hapana. Mchoro ulikuwa na mtego.

SeremalaKeko:
Basi huyu Mwana_Anga aombe radhi mara mbili, mara moja kwa mafundi, mara moja kwa marehemu.

Mwana_Anga:
Marehemu msiwatumie kunipiga. Agosti 1935 Mignet alipanda chombo hichohicho akavuka bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza. Mtu anayejua kuna mtego angejipandisha? Na Waingereza wengine walifunga injini ya gari la Ford iliyogeuzwa, siyo ile ndogo aliyoanza nayo yeye. Uzito ukibadilika, ndege siyo ileile.

Kikokotoo:
Alivuka kwa sababu hakuifikisha kwenye pembe ile. Na ukiwapa maelfu mchoro, ujue kuna atakayefika. Hata hivyo sitamwita muuaji. Alirekebisha, akaendelea kubuni mpaka akafa 1965, na ndege za ukoo ule bado zinaundwa na watu wanaruka nazo.

BintiMvita:
Hiyo "alirekebisha" imekuja kwa mama aliyekwisha kuzika.

Mwana_Anga:
Dada, hapo sina jibu. Fundi, ile kauli ya vitanda naifuta. Niliandika kwa haraka na haikuwa haki.

SeremalaKeko:
Nimepokea. Sasa nieleze jambo moja, maana tangu mchana linanizunguka kichwani. Bawa zima la mbele linacheza juu ya kichwa cha rubani. Limeshikwa na nini?

Kikokotoo:
Limekaa juu ya kiunzi, linacheza kwenye mhimili, na nyuma yake zinashuka nyaya mpaka kwenye mkono wa usukani.

SeremalaKeko:
Nyaya tu? Na ule mhimili umepita kwenye mbao, au wameweka kipande cha chuma pale unaposugua? Mwenye picha ya karibu aiweke. Picha ya ndege nzima hainisaidii, nataka kuona hapo.