Mrejesho: kamba ya kupandia miamba iliyokakamaa kwa chumvi

Wakuu, ni yule wa Dar aliyeuliza kuhusu kamba ya kupandia miamba iliyokakamaa kwa chumvi ya bahari na karabina (zile pete za metali zenye kilango cha springi, za kuunganishia kamba) zinazogoma kufunga. Asanteni sana. Kamba tuliiloweka kwenye beseni la maji matupu, bila sabuni, tukaianika kivulini, imelainika. Ila karibu na ncha moja ukiikunja inalala bapa kama utambi, yaani kiini, nyuzi za ndani zinazobeba uzito, kimekufa, tumekikata kipande hicho. Karabina zimepona kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo ya cherehani, isipokuwa moja. Hiyo sasa inabeba funguo zangu. Njia mpya ya kupandia tuliyotaka kuiwekea bolti kwenye mwamba wa matumbawe tumeisitisha kwanza. Ni kwa sababu mlionya kwamba bolti za chuma cha pua, zile zinazopigiliwa mwambani kushikilia kamba, zinaweza kupasuka ndani kwa ndani kando ya bahari, na za titani, jamani, bei!