Mjadala: Je, miungu wa hadithi za kubuni wapewe majina na ibada za wazee wetu?

Mtoa hoja, Ujiji

Ndugu zangu, naleta hoja ambayo imetugawa watunzi na wasomaji wa hadithi za kubuni hapa Ujiji tangu nilipoanza kuwasomea wenzangu sura za hadithi yangu ndefu, inayohusu nchi isiyokuwepo, kando ya ziwa lisilokuwepo, ambako watu wanaabudu miungu watatu niliowatunga mwenyewe. Swali ni hili: mtunzi anayebuni dini kwa ajili ya hadithi aazime majina na ibada za dini zetu za jadi, au atunge kila kitu tangu mwanzo? Wapo wanaosema kwamba kutunga upya ni kuwapa wazee kisogo, na wapo wanaosema kwamba kuazima ni kuwaibia. Mimi nimesimama na hawa wa pili.

Nieleze kwanza dini yenyewe, ili tubishane juu ya kitu tunachokiona sote. Mungu mkongwe kuliko wote ni Nyakilindi, anayekaa mahali ambapo maji hayana pumzi. Wazo hilo nililipata katika ziwa letu: Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, kwa sababu kuanzia kama mita 200 kwenda chini maji hayana oksijeni. Kwa hiyo Nyakilindi haombwi, kwani dua yenyewe inahitaji pumzi ili itamkwe. Anakabidhiwa tu majina ya waliozama, naye anayatunza.

Wa pili ni Mbalamwe, mwenye mwezi, na wa tatu ni Kandili, mwenye taa. Kila aliyekulia karibu na mwalo anajua kwamba dagaa huvutwa na taa katika usiku wa giza, na kwamba mwezi unapokuwa mpevu taa hupoteza nguvu, mitumbwi ikabaki nchi kavu. Katika hadithi yangu, siku hizo za kupumzika ni ibada ya Mbalamwe: nyavu zinashonwa, madeni hayadaiwi, na waliogombana wanakalishwa pamoja. Kandili anaingia akiwa mtumishi wake tu, mwezi mdogo wa kubebwa mkononi. Lakini wenye taa wanavua zaidi, na anayevua zaidi ndiye anayekopesha nyavu, na anayekopesha nyavu ndiye anayeamua mashauri ya mwaloni, hata ikafika siku ambapo makuhani wa Mbalamwe hawana wa kuwasikiliza. Tafadhali mwone jambo ninalolishikilia kwa nguvu hapa: watu wa nchi ile hawakuacha kumwamini Mbalamwe. Walishindwa tu kumudu gharama ya kupumzika, kwa kuwa nyumba iliyotunza siku zake ndiyo iliyolala na deni.

Katika kizazi cha tatu taa zinakuwa kali kiasi kwamba hata mbalamwezi haizizuii tena, mapumziko yanafutwa, samaki wanapungua, na watu wanamrudia Mbalamwe. Wanamrudia kwa sheria zilizoandikwa, walinzi na faini, nao vikongwe wawili waliobaki na nyimbo zake wanakaa pembeni wasimtambue. Baadhi yenu mlidhani ninasimulia mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti. Sikuwa na nia hiyo, ingawa sikatai kwamba ukimya wa mialo katika miezi ile uliniingia.

Sasa, kwa nini sikumwita mmoja wao Ryangombe, mkuu wa mizimu ya kubandwa? Kwa sababu ibada hiyo ya kubandwa, yaani ya kupandwa na mizimu, hapa Buha kwa Waha, kama ilivyo ibada ya Buswezi kule Unyamwezi, inaingiwa kwa kiapo cha siri. Nitakachoandika juu yake ama nimepewa na mtu aliyevunja kiapo chake, ama nimekisia, na siwezi kusimama mbele ya wenyewe nikitetea lolote kati ya hayo mawili. Imana ndiyo zaidi, maana Waha wanamwita Mungu kwa jina hilo mpaka leo, hata kanisani. Nikimfanya Imana ashindwe vita katika sura ya saba, nitakuwa nimemfanyia jambo jirani yangu, wala si mhusika wa hadithi.

Mchangiaji wa kwanza, mwalimu, Tabora

Ndugu mtoa hoja, nimeisoma hoja yako kwa heshima, lakini sikubaliani nayo. Dini haitungwi kutoka katika utupu, na historia inanishuhudia. Ptolemaio wa Kwanza, mfalme wa Misri mwenye asili ya Kigiriki, alipotaka mungu wa kuwaunganisha Wagiriki na Wamisri katika ufalme wake, hakuanza na jina geni: alichukua miungu Osiri na Api wa Wamisri, akawavika sura na ndevu za mungu wa Kigiriki, akapatikana Serapi, ambaye hekalu lake la Aleksandria lilisimama mpaka lilipobomolewa karibu na mwaka 391. Katika karne ya 2 Aleksanda wa Abonoteiko, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo, alimtangaza nyoka Glikoni kuwa mungu, naye pia aliazima, kwa kudai kwamba nyoka huyo ndiye Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wagiriki, aliyezaliwa upya. Walioazima ndio walioaminiwa.

Lakini uchungu wangu hauko Misri. Hapa Unyamwezi tambiko kubwa lilifungamana na mtemi: yeye ndiye aliyewajibika kwa mvua na kwa mizimu ya watangulizi wake, na utemi ulipofutwa na sheria mwaka 1963, tambiko lilibaki bila mwenyewe. Leo nina wanafunzi wanaoweza kunitajia miungu wa Kigiriki mmoja mmoja, kwa vile wamewaona katika filamu na michezo ya kompyuta, lakini neno Buswezi linawapita kama la nchi ya mbali. Unaposema tusiguse kwa sababu ya kiapo, unawaachia hao wenye filamu uwanja mzima. Wazee wenye siri wanakufa mmoja baada ya mwingine, na siri inayokufa na mwenyewe haijalindwa, imepotea.

Mchangiaji wa pili, mzazi, Kigoma Mjini

Nasema machache. Sisi Waislamu tunamfundisha mtoto tangu akiwa mdogo kwamba Mungu ni mmoja, na nyumba jirani zenye Wakristo zinamfundisha hivyo hivyo. Siogopi kwamba mwanangu atamsujudia Kandili. Ninachoomba ni mtunzi aseme wazi tangu ukurasa wa kwanza kwamba haya ni ya kutungwa, na hapo ndipo ninapoona kwamba majina mapya yanamsaidia mzazi kuliko majina ya kweli.

Mchangiaji wa tatu, mzee, Kasulu

Wanangu, mimi nilizaliwa katika nyumba ya waliobandwa, kisha nikabatizwa nikiwa kijana, na sikumbuki kwamba siku ile nyumba yetu iligawanyika. Majina yale msiyatumie. Mwalimu, anayekufa na siri yake amekufa na kilicho chake, na si kila kilichopotea kilikuwa mali ya wote.

Lakini nawe, binti yangu wa Ujiji, umekosea mahali pamoja pakubwa. Watu hawarudi katika ibada ya zamani kwa sababu samaki wamepungua. Samaki wakipungua watu huhama, au hulima mihogo. Watu hurudi usiku, mtoto anapoumwa na kila dawa imeshindikana, tena hurudi kwa mlango wa nyuma, na asubuhi hawasemi. Sikuiona nyumba hiyo katika hadithi yako.

Mtoa hoja, Ujiji

Shikamoo, mzee wangu. Nitakuja kwako mwishoni, maana maneno yako yameninyima usingizi.

Mwalimu, mifano yako ni ya kweli, lakini iangalie tena. Ptolemaio aliazima akiwa mfalme, mwenye jeshi na ghala, na makuhani wa Memfisi, mji wa Api, hawakuwa na uwezo wa kumkatalia. Mimi nikiazima leo nitakuwa katika nafasi hiyohiyo: nina kalamu, nina wasomaji, na bibi wa kijijini ambaye ibada ni yake hana pa kunijibu. Kuhusu Glikoni, mwaka 1962 sanamu yake ya marumaru ilichimbuliwa katika mji wa Constanța nchini Rumania, mbali na kule alikoanzia, na ibada yake iliendelea hata baada ya Aleksanda kufa. Naona kwamba kilichomweka hai si jina la Asklepio peke yake. Watu walikuwa na maradhi na hofu, naye alikuwa na mahali pa kuyapokea. Mtunzi aliyebuni mahitaji ya watu wake kwa uaminifu hahitaji jina la kuazima.

Hata hivyo kilio chako juu ya wanafunzi nimekisikia, na jibu langu ni kwamba kazi hiyo si ya hadithi za kubuni. Waliobandwa wakikubali kusema, maneno yao yaandikwe kama historia, na majina ya waliosema yawekwe kwa ridhaa yao. Sisi wa Kigoma tuna meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916 baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito, ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 iliweza kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Walioizamisha walijua wanachokizamisha. Ukichukua ibada ya watu ukaizamisha katika hadithi, ukabadilisha hiki na kile ili ikupendezee, atakayekuja kuiibua kesho atakuta umeharibu mitambo.

Mzee wangu, umesema kweli, nami nimeiandika upya sura ya kurudi kwa Mbalamwe. Sheria na walinzi nimewabakiza, lakini kabla yao nimeweka usiku mmoja wa giza, ambapo mke wa mkubwa wa wenye taa anazima taa ya nyumba yake, anambeba mtoto mwenye homa mgongoni, na kuzunguka nyuma ya vichanja vya kukaushia dagaa hadi kwa mmoja wa wale vikongwe wawili. Nimemwandika kikongwe akimfungulia bila kumwuliza jina. Nimekwama hapo kwa siku nne, kwa sababu sijui amdai nini: nikimfanya adai kuku mweupe au pombe ya mtama, nitakuwa nimeazima kwa mlango wa nyuma. Kwa sasa anamwomba mama huyo jambo moja tu, kwamba akae naye gizani mpaka mwezi utoke, na usiku ule mwezi hautoki kabla ya alfajiri.