Kontena kwa ploti ya mjini: ni nyumba au ni stoo?

Mwenye Ploti Kamulu: Habari zenu. Nina ploti ya 50 kwa 100. Mawe ya kujengea ya Ndarugu yamenishinda bei, na udongo wetu ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Jirani amejenga juzi tu, na ukuta wake una ufa unaoingia kidole. Nawaza kuishi kwa kontena la meli la futi 40, juu ya nguzo za zege. Mke wangu hataki kusikia. Je, kaunti ituhimize tujenge hivi, au tunajidanganya?

Mama Wawili: Msikilize mkeo. Bati ni bati, hata ulipake rangi gani. Watu wa mabati tunawajua walivyo.

Mtoto wa Mukuru: Walivyo vipi, mama? Nimezaliwa Mukuru kwa Njenga, chumba cha futi 10 kwa 10. Mama yangu aliamka saa kumi alfajiri kupanguza matone yanayodondoka kutoka kwa bati, madaftari yetu yasilowe. Ametusomesha sote watatu. Sema walivyo.

Fundi wa Kuchomelea: Turudi kwa kontena. Hayo matone ndiyo shida yenyewe. Usiku wa Julai pumzi ya watu wanne inagonga chuma baridi inageuka maji. Asubuhi ukuta unatiririka. Weka povu la kuzuia joto na matundu ya hewa kabla ya jipsamu, zile mbao za kufunika ukuta kwa ndani. Halafu uzito wote wa kontena unakaa kwa nguzo zake nne za chuma za kwenye kona. Ukikata ubavu mzima uweke vioo bila kuchomelea fremu, paa litalegea.

Wa Kitengela: Povu! Mafundi mnalipwa pesa za povu, mnatia katoni. Na nafasi ipo ya kutosha, si kontena lina upana wa futi 10?

Mchora Ramani: Ni futi 8, kaka. Ndani mita 2.35 hivi. Toa povu na jipsamu pande zote mbili, unabaki na kama mita 2.2. Laza kitanda cha futi 5 kwa 6 kikiwa kimekingama, uniambie utapitia wapi. Afadhali mawili ubavu kwa ubavu. Na ramani lazima kaunti ipitishe, kontena au mawe.

Fundi wa Kuchomelea: Katoni nimetia wapi, wewe wa Kitengela? Taja nyumba. Miaka tisa nachomelea, macho haya yamekauka kwa moto, sijawahi kumfunikia mtu ukuta kabla hajaja kuona kilicho ndani. Mwizi mmoja asitupake matope sote.

Mama Wawili: Kijana wa Mukuru, sikumtukana mama yako. Watu wa mabati ni mimi. Mathare, nikiwa darasa la sita, moto ulianza kwa jirani na mstari wote ukateketea tukiwa na nguo za kulalia. Niliapa watoto wangu watalala kwa mawe.

Mtoto wa Mukuru: Pole, mama. Ungeanzia hapo. Ila kwetu moto ulikuwa ukianzia kwa waya za stima za kuungwaungwa, na mbao ndizo zilizoshika. Bado sikubali bati lisemwe kama aibu.

Mzee wa Umoja: Wanangu, yule Mmarekani McLean alipopakia masanduku haya melini mwaka 1956 aliwaza shehena. Nyumba ni pale wakwe wanakaa wakala bila kugusana magoti. Mita mbili haziwatoshi.

Mtoto wa Mukuru: Wakwe zangu walikaa kwa futi 10 kwa 10, mzee. Walikula wakashiba.

Mwenye Ploti Kamulu: Mke wangu amesoma yote. Sasa anauliza sakafu, amesikia ina sumu.

Fundi wa Kuchomelea: Mbao za chini nyingi hutiwa dawa ya wadudu. Kwa mlango kuna kibati cha chuma, kina mstari unaoeleza dawa iliyotumika. Kipige picha kabla hujatoa hata shilingi. Kama dawa ipo, ng'oa sakafu yote. Na je, njia ya kwako ina waya za stima zilizoning'inia chini? Lori la kreni likikwama hapo, siku nzima inaisha na pesa umelipa.

Mwenye Ploti Kamulu: Zipo. Kwa kona ya duka, mtu mrefu anainama.