MJADALA: Mahubiri ya kutisha watu kwa moto yanamwandaa mtu kweli kwa hukumu ya Mungu?

MWANZISHA MADA

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naleta hoja ambayo najua itawagusa wengi, hivyo naomba tuijadili kwa Maandiko na kwa kuheshimiana.

Hoja yangu ni hii. Mahubiri mengi ya siku ya mwisho yanamtisha mtu bila kumwonyesha dhambi yake. Na mtu aliyetishwa tu hajaandaliwa kwa hukumu hata kidogo. Hofu ikimwisha, anarudi pale pale alipokuwa.

Nimehudumu kwenye timu ya ufuatiliaji, ile inayowapokea watu wanaoitikia wito wa madhabahuni. Utaratibu mnaujua. Mhubiri anaeleza ziwa la moto, kinanda kinapigwa taratibu, watu wanatoka mbele wakilia, wanafuatisha sala ya toba sentensi kwa sentensi, kisha wanaletwa kwetu tuwaandike kwenye kadi. Jina, namba ya simu, mahali unapoishi, halafu visanduku viwili vya kuweka tiki: "ameokoka" au "amerudi kundini". Usiku mmoja nilimuuliza kijana aliyekuwa bado anatetemeka, "Ndugu yangu, Mungu amesema nawe juu ya jambo gani?" Akajibu, "Sijui. Naogopa tu kufa leo." Kadi haina mahali pa kuandika jibu la namna hiyo.

Aliyemfuata alikuwa mama wa makamo, wala hakuwa analia. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hela za watoto wa marehemu dada yake ziko kwake, na tangu mahubiri yaanze hajaweza kufikiri kitu kingine. Habari za moto hakuziuliza. Aliuliza, "Nianzie wapi kurudisha, maana nyingine nimeshazitumia?"

Kwa nionavyo mimi, huyo mama ndiye aliyekuwa ameguswa na Roho Mtakatifu. Yohana 16:8 inasema Roho atauhakikisha ulimwengu kwa habari ya dhambi, na haki, na hukumu. Tazameni mpangilio wake: dhambi ndiyo ya kwanza. Sisi tumerukia hukumu, tukaiacha dhambi ikiwa jina tu, kitu cha jumla ambacho kila mtu anaweza kukikiri bila kumgharimu chochote.

Someni Matendo 24 muone hofu isiyozaa kitu. Paulo amefungwa Kaisaria, liwali Feliki anamwita, amekaa na mkewe Drusila. Luka anataja mambo matatu aliyoyasema Paulo: haki, kuwa na kiasi, na hukumu itakayokuja. Mada hizo zilimlenga mtu. Mwanahistoria Yosefo anaandika kwamba Drusila alikuwa mke wa Azizo, mfalme wa Emesa, na Feliki alimshawishi akamwacha mumewe. Tasito, mwanahistoria wa Kirumi, naye anamweleza Feliki kama mtawala mkatili, mwenye kujifanyia atakalo. Basi mfungwa anasimama mbele ya mtu wa namna hiyo, anamweleza haki na kiasi, huku mwanamke aliyemtoa kwa mumewe amekaa pembeni yake! Feliki akafanya hofu. Akasema, "Sasa enenda zako, nami nikipata nafasi nitakuita." Na mstari wa 26 unaeleza kilichoendelea moyoni mwake: alikuwa akitumaini Paulo atampa fedha. Alimwita mara nyingi wakazungumza, na miaka miwili ilipopita akaondoka madarakani akamwacha gerezani.

Liwali alitetemeka sawasawa, lakini rushwa aliendelea kuisubiri.

Siku ya Pentekoste ilikuwa vingine. Ndiyo, Petro alinukuu unabii wa Yoeli wenye damu, na moto, na mvuke wa moshi. Ila kilichowachoma mioyo watu wale, Matendo 2:36-37, ni kuambiwa wazi kwamba Yesu huyu wao ndio waliomsulibisha. Hapo wakauliza, "Tutendeje, ndugu zetu?" Mtu aliyehakikishiwa dhambi yake huuliza afanye nini. Aliyetishwa huuliza atatoka vipi hapa.

Karibuni. Nakosolewa.

MCHUNGAJI MSTAAFU

Mtumishi, nakuheshimu, ila sikubaliani nawe. Tatizo la makanisa ya leo haliko kwenye moto kuhubiriwa kupita kiasi. Moto haupo kabisa! Mtu anaweza kukaa ibadani mwaka mzima akisikia habari za kuinuliwa, kuvuka na kumiliki, asisikie hata mara moja kwamba kuna kiti cha hukumu. Na wewe unakuja kuwaambia wahubiri wapunguze.

Bwana Yesu mwenyewe aliitaja Jehanamu kuliko mitume wote. Luka 12:5 anasema waziwazi tumwogope nani. Yuda naye anasema wengine tuwaokoe kwa kuwanyakua katika moto. Jonathan Edwards, mhubiri wa Marekani, alipohubiri Enfield tarehe 8 Julai 1741, watu walilia na kupiga kelele hata ikambidi anyamaze kwanza, na aliyekuwepo aliandika kwamba watu kadhaa walipata faraja usiku ule. Utasema walitishwa bure? Hofu ni mlango. Acha mtu aingie kwanza, mengine atafundishwa ndani.

MLOKOLE

Amina mchungaji. Mimi nina wasiwasi mwingine. Mwanzisha mada anarudisha wokovu kwa matendo. Waefeso 2:8-9 iko wazi: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Yule mwizi msalabani alirudisha nini? Hakurudisha hata senti, na siku ile ile akaingia peponi.

MKATOLIKI

Wapendwa, naomba niongeze kitu kutoka upande wetu, maana jambo hili Kanisa limelichambua siku nyingi. Sisi tunatofautisha majuto kamili, yanayotokana na kumpenda Mungu, na majuto yasiyo kamili, yanayotokana na kuona ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu ya milele. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ulifundisha kwamba hata hayo yasiyo kamili ni zawadi ya Mungu, ilimradi mtu awe ameukataa moyoni utashi wa kutenda dhambi. Kwa hiyo mchungaji hajakosea kuiita hofu mlango.

Lakini tusiishie hapo. Kabla ya kitubio, yaani sakramenti ya kuungama, mtu anatakiwa kuchunguza dhamiri, amri kwa amri, na dhambi kubwa anazitaja moja moja. Na aliyeiba anatakiwa kurudisha. Huwezi kupiga magoti ukaungama wizi huku umeshaamua moyoni kwamba mali ya mtu unabaki nayo.

MWALIMU WA SHULE YA JUMAPILI

Naomba tuwakumbuke watoto. Darasani kwangu kuna binti mdogo aliyerudi nyumbani siku moja akakuta mlango uko wazi na hakuna mtu. Mama yake alikuwa kwa jirani. Mtoto alikaa sakafuni akilia, anaamini unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa mbinguni, umeshapita na yeye ameachwa. Alikuwa ametoka kuonyeshwa video ya siku za mwisho pamoja na watu wazima. Hadi leo mama yake akichelewa kidogo, mtoto anaanza kupumua kwa shida.

Mtoto yule alikuwa na dhambi gani ya kuhakikishiwa siku ile? Mchungaji, naomba unijibu mimi kama mama.

MWENYE MASHAKA

Mimi siamini, lakini nafuatilia. Mtu akitenda mema kwa sababu anaogopa kuchomwa, hayo ni mema kweli?

MSABATO

Ndugu, sisi historia yetu inatufundisha jambo kuhusu hili. Mhubiri William Miller na waliomfuata Marekani walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuyavuna. Siku ikapita, wakalia hadi asubuhi. Ndiyo maana nikisikia mtu anatangaza tarehe nafunga masikio, kama mhubiri wa redio wa Marekani, Harold Camping, alivyotangaza 21 Mei 2011, kisha akasogeza hadi 21 Oktoba mwaka huo huo. Mathayo 24:36 imeshalimaliza suala hilo.

Sisi tunaamini hukumu ya upelelezi, yaani kuchunguzwa kwa vitabu vya matendo ya watu, ilianza mbinguni mwaka huo wa 1844 na inaendelea. Najua wengi hapa hamkubali fundisho hilo na sitaki tuligeuze mada. Nataka kusema tu kwamba kama vitabu viko wazi leo, kujiandaa hakuwezi kuwa kazi ya usiku mmoja wa mkutano.

MWANZISHA MADA

Asanteni sana. Nianze na mwalimu, maana alichosema kimeniuma. Mtoto hatakiwi kupewa mzigo huo. Yesu aliwaita watoto kwake akawabariki, na aliyewakosesha wadogo ndiye aliyeambiwa habari za jiwe la kusagia shingoni.

Ndugu mwenye mashaka, swali lako ni zuri na linatuhusu sisi waumini kuliko linavyokuhusu wewe. Jibu langu ni kwamba anayeacha kuiba kwa kuogopa adhabu tu bado ni mwizi aliyezuiwa. Injili inataka kumfikisha mbali zaidi ya hapo. Lakini mjane ambaye hakuibiwa leo atakula chakula chake, hata kama aliyeacha kumwibia aliacha kwa hofu. Kwa hiyo hofu siidharau.

Mchungaji, sijasema wahubiri wapunguze hukumu. Nataka waihubiri kama Bwana alivyoihubiri. Tazama kila mahali alipoitaja uone kilichotangulia. Marko 9 ni kuhusu mkono, mguu na jicho, yaani kiungo chako hiki hiki kinachokukosesha. Luka 20:47 ni waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, na hao ndio anaosema watapata hukumu iliyo kubwa. Mathayo 25 ni mwenye njaa, mgeni, mgonjwa, mfungwa. Tajiri wa Luka 16 yuko kwenye mateso, lakini kabla ya moto tumeshamwona Lazaro mlangoni pake, na mbwa wakiramba vidonda vyake. Mara nyingi Yesu hakuutaja moto ukiwa peke yake; jirani aliyekosewa yuko karibu. Hata Yohana Mbatizaji, aliyesema shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, makutano walipomuuliza wafanye nini alikuwa na jibu kwa kila kundi: mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, mtoza ushuru asitoze zaidi ya alichoamriwa, askari asidhulumu mtu na atosheke na mshahara wake. Watu wale waliondoka mtoni kila mmoja akijua nini cha kufanya kesho yake kazini.

Ndugu mlokole, neema ndiyo inayotuokoa, hapo hatupingani. Lakini msikilize vizuri huyo mwizi. Alisema, "Tunapokea malipo tuliyostahili kwa matendo yetu." Mikono yake imepigiliwa, hawezi kurudisha kitu, kilichobaki ni mdomo, na kwa mdomo huo akasema ukweli juu yake mwenyewe mbele ya watu wote. Zakayo mikono yake ilikuwa huru, ndiyo maana akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne. Yesu alimjibu kwamba leo wokovu umefika nyumbani humu. Zakayo hakuununua. Ulipofika, mkono ukafunguka wenyewe. Na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ambao ninyi walokole mnajivunia, ulijulikana hata kwa wasioamini kwa sababu waliookoka walikuwa wakirudisha vitu walivyoiba.

Ndugu Mkatoliki, hapo kwenye kurudisha umenisaidia sana, na kwa uchungu naona sisi wa mikutano tumeliacha. Mimi napendekeza kadi zetu ziongezewe mstari mmoja: nani nimemkosea, na nitamwendea lini. Mathayo 5:24 inamtaka mtu aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Sijawahi kuona ibada ikisimama kwa ajili hiyo.

Kuna jambo moja nataka mchungaji alijibu, maana ni la uchungaji hasa. Hesabu 5:7-8 inaagiza mtu akiri, arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano, na kama aliyekosewa hana jamaa wa kupokea, malipo yawe ya Bwana na kuhani ayachukue. Yule mama watoto wanaodai wapo hai, wanajulikana, na ada zao zinasubiri. Wiki iliyofuata alikuja na sehemu ya hela kwenye bahasha akitaka kuzitoa kanisani kama sadaka ya shukrani, kwa kuwa kuwaendea wale watoto anaona aibu. Bahasha ilipokelewa, ikaombewa.

Mchungaji, wewe ungeipokea?